Mashada Arobaini na Moja

Mlimwacha kocha Maeng Du-sik kwenye ngazi ya basi la timu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mashabiki mia tatu wamekaa mbele ya magurudumu, na Ki Bok-rye anamsogezea kipaza sauti mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto asiyetaka uji. Wengine wenu mmeniandikia barua mkiapa kwamba Maeng atatorokea dirishani. Hivi nyinyi mnamjua kuliko mimi ninayemwandika?

Alishuka.

"Ongea!" Bok-rye akafoka. "Mechi kumi na moja, pointi nne! Jumamosi ijayo tukifungwa tumeshuka daraja. Haya, ongea, mwalimu!"

Kwa wale mliochelewa: Bok-rye ana miaka hamsini na nane na anauza jjamppong, tambi za pilipili na chaza, karibu na bandari ya Gunsan. Kwa miaka kumi na tisa ndiye anayeongoza nyimbo za jukwaa la kaskazini la klabu ya Galmaegi. Mashabiki wote humwita Mama Mdogo. Hajawahi kukosa mechi ya nyumbani, na hajawahi kukubali kwamba kuna jambo la mpira asilolijua.

"Ha-ram alikaa benchi kwa nini?" akauliza.

"Eeh, atuambie!" umati ukaitikia. "Namba tisa wetu kakosa nini?"

Seo Ha-ram, namba tisa, hajafunga bao tangu joto la Agosti. Lakini kila mechi ikiisha, wamefungwa moja au wamefungwa tano, yeye huenda mbele ya jukwaa la kaskazini, akakutanisha vidole viwili vikafanya umbo la moyo, akawatumia busu. Hapo mia tatu huyeyuka. Wimbo wake ndio unaoimbwa kwa sauti kuliko wimbo wa klabu. Bok-rye aliutunga mwenyewe jikoni, huku akikata vitunguu.

Maeng alikitazama kipaza sauti, akakitazama na kile kichwa cha Bok-rye chenye nywele za kusokotwa kwa dawa kilichokuwa nyuma yake.

"Alikaa benchi kwa sababu hachezi mpira," akasema. "Kikosi napanga mimi. Wewe mama, pika."

Mlipuko uliofuata ulisikika hadi bandarini.

"Mmeisikia dharau hiyo? Mmeisikia?"

"Nenda kwenu, Maeng! Kachunge ng'ombe!"

Chupa tupu ya maji ikaruka. Maeng hakuinama. Ikampiga begani, ikaanguka, naye akaiokota na kuitia kwenye pipa la takataka lililokuwa mlangoni mwa basi. Mtu wa aina hiyo huudhi kuliko mtu anayetukana.

Ndipo gari jeusi lilipopenya kati ya watu, taratibu, na mlango wake ukafunguliwa na Mkurugenzi Bong Sang-cheol mwenyewe.

 Bong ameiongoza klabu miaka sita na hajawahi kupita mahali wanaposimama mashabiki. Huingia ofisini kwa gereji ya chini na huondoka kwa gereji ya chini. Ni yeye aliyesema, mbele ya waandishi, maneno ambayo Gunsan nzima inayajua: "Kazi ya shabiki ni kupiga makofi. Akitaka kufikiri, akafikirie kwake."

Leo aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Nimewasikia," akasema, sauti ikimtetemeka. "Nimekosa sana. Kuanzia leo uongozi wa Galmaegi utawasikiliza mashabiki. Jumatatu saa saba mchana tuna kikao na mwenyekiti. Kama hamumtaki kocha huyu, tuonyesheni. Na Mama Mdogo ataingia kikaoni awasemee."

"Mimi?" Bok-rye akashtuka. "Niingie ndani kabisa?"

"Ndani kabisa, mama yangu. Kiti chako kipo."

Wakalia. Naam, wanaume wazima waliovaa jezi za kijivu walikumbatiana wakalia, kwa sababu mtu aliyewatemea mate miaka sita amewapa leso. Wakainuka barabarani wakaliacha basi lipite. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Bong amepatwa na nini.

Nyinyi mnaofuatilia tangu mwanzo mnajua. Ha-ram ni mchumba wa binti yake Bong. Harusi ni Desemba, na kadi bado hazijachapishwa.

*

Jumatatu, kama ilivyo ada yetu, hasira ilifika ikiwa na maua.

Zamani watu walirusha mawe. Siku hizi shabiki aliyechoshwa na klabu yake hupeleka mlangoni shada la msiba, maua meupe ya krisanthemamu juu ya miguu mirefu, lile lile unalompelekea jirani aliyefiwa. Utepe wa kulia hubeba maombolezo. Utepe wa kushoto hubeba jina la mleta maua.

Bok-rye aliagiza la kwake kwa muuza maua wa mtaani. Kulia: *Galmaegi imefia mikononi mwa Maeng.* Kushoto: *Ki Bok-rye, jukwaa la kaskazini.* Alipofika klabuni saa sita na nusu, amevaa koti la harusini, alisimama akashika kifua.

Mashada yalikuwa yamejipanga kutoka mlangoni hadi kituo cha basi. Akayahesabu. Arobaini na moja.

Mashabiki themanini walikuwa wamekwishafika, wanapiga picha.

"Jamani, nani kaleta yote haya?" akauliza.

"Si wewe, Mama Mdogo?"

"Mimi nimeleta moja tu."

"Basi ni wenzetu wa jukwaa la kusini. Tumeungana, mama! Leo wametambua!"

Kila mmoja aliamini ni mwenzake. Wote walikuwa wamesoma utepe wa kulia, *Maeng aondoke*, ukawakuna mahali panapowasha, wakaishia hapo. Shabiki ni msomaji hodari wa anachokitaka.

Bok-rye alivaa miwani alitafute la kwake. Ndiyo maana yeye, peke yake, alisoma kushoto.

Shada la kwanza: *Mkurugenzi Bong Sang-cheol.*

La pili: *Mkurugenzi Bong Sang-cheol.*

La tatu, la nne, la kumi. Hati nzuri, wino mzito, cheo kamili. La kwake lilikuwa la mwisho, karibu na kituo cha basi, dogo kuliko yote.

Nitawaambia upesi ilivyokuwa. Bong aliagiza maua yake kwa mzee Noh, anayemtengenezea mashada ya misiba na ya uzinduzi miaka yote sita. Alimwambia kwa simu: "Arobaini. Kulia andika *Maeng aondoke*. Kushoto usiandike kitu." Mzee Noh akaguna. Miaka arobaini katika maua, hajawahi kutoa dukani shada lisilo na jina. Shada lisilo na jina ni tusi kwa marehemu. Maana yake mwombolezaji anajificha. Mzee akaona huzuni imemchanganya mkurugenzi, akamsitiri. Akaandika jina lake kwenye tepe zote arobaini, akaridhika.

Na Bong, ambaye angeyaona kama angepita mlango wa mbele hata siku moja, asubuhi hiyo aliingia kwa gereji ya chini. Kutoka dirishani kwake ghorofa ya tatu aliyaona mashada kwa mgongo, akayapenda.

Bok-rye alivua miwani. Angeweza kupaza sauti palepale. Hakupaza. Alifikiri: Maeng anaondoka, na kuondoka kwa Maeng si ndiko nilikolilia miezi yote hii? Maua ni maua. Akaikunja miwani, akaitia mfukoni, akapanda ngazi.

Nisimung'unye maneno. Ilikuwa aibu, na alijua ni aibu, akapanda hivyo hivyo.

*

Mwenyekiti Cha Woong-il ana miaka sabini na minne na kiwanda cha keki za samaki. Klabu aliachiwa na baba yake pamoja na maumivu ya mgongo, na vyote viwili anavichukia sawasawa. Alikuwa anatafuna ngisi mkavu kikao kilipoanza.

"Semeni haraka," akasema.

Bong alisimama. Upande wa pili wa meza Maeng alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Mheshimiwa, chungulia dirishani," Bong akasema. "Mashada arobaini na moja! Hiyo ndiyo sauti ya watu. Mimi ni nani niizibe?"

"Si wewe uliyesema kazi yao kupiga makofi?"

"Nimetubu, mheshimiwa." Na chozi likamtoka. Chozi kweli, limeshuka hadi kwenye tai. "Wanataka Maeng aende, na wanataka Ha-ram acheze. Timu ni yao."

Bok-rye alikunywa chai ya shayiri ili asiangalie lile chozi.

"Kocha, una la kusema?" Cha akauliza.

Maeng alitoa simu yake. Hakutoa hotuba. Alisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, sauti kavu, kama anasoma orodha ya jezi.

"Ijumaa ya kwanza: *Ha-ram aanze.* Ijumaa ya pili: *Ha-ram aanze, usinisumbue.* Ijumaa ya tano: *Ha-ram aanze au utafute kazi.* Zote zimetoka kwa mkurugenzi. Nikamwanzisha mechi kumi, mabao sifuri. Ya kumi na moja nikamkalisha. Ndiyo hiyo waliyonizuilia basi."

"Ni ujumbe wa faragha huo!" Bong akapiga kelele.

"Kwa nini umemng'ang'ania hivyo?" Cha akamuuliza.

"Mashabiki wanampenda, mheshimiwa! Nawasikiliza mashabiki!"

"Na binti yako pia anampenda," Maeng akasema. "Harusi Desemba."

Ngisi alisimama katikati ya meno ya mwenyekiti.

Bok-rye alihisi uso unawaka. Mechi kumi alimtukana mtu huyu kwa kumchezesha vibaya Ha-ram, kumbe alikuwa analazimishwa. Ya kumi na moja akamtukana kwa kumkalisha, kumbe ndiyo siku pekee aliyofanya kazi yake. Na aliyekuwa akimlazimisha ameketi hapa, anafuta chozi, anamwita "mama yangu". Alikuwa amefanywa punda, na punda mwenyewe alikuwa ameleta hatamu.

Akainuka, kiti kikaanguka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, maua yale si yetu! Tuma mtu akasome tepe za kushoto!"

"Za kushoto zina nini?" Bong akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaigiza.

Cha alimtuma katibu wake na mkasi.  Nje kelele zikaanza, kwanza chache, kisha nyingi: mashabiki walikuwa wanamwona mtu wa ofisini anakata maua yao.

Katibu alirudi na tepe arobaini na moja mikononi, akazimwaga mezani.

Cha alizisoma moja moja kwa sauti. "Mkurugenzi Bong Sang-cheol. Mkurugenzi Bong Sang-cheol. Mkurugenzi... Cheo wamekiandika vizuri."

"Ni kosa la muuza maua!" Bong akabwata.

"Kosa lake nini? Amekuwa mwaminifu. Nenda nyumbani, Bong. Usipite gerejini. Pita mlango wa mbele, uwaage watu wako."

Bong alitoka. Hakupita mlango wa mbele.

Maeng alishusha pumzi. Bok-rye alitabasamu, akaokota kiti. Na nyinyi pia mmetabasamu, nimewaona. Mnadhani imekwisha.

"Bado mmoja," mwenyekiti akasema. Aliuinua utepe wa mwisho, mfupi kuliko yote. "*Ki Bok-rye, jukwaa la kaskazini.* Ni wewe huyu?"

"Ni... ni mimi."

"Upande wa kulia umeandikaje?"

Katibu alikohoa. "*Galmaegi imefia mikononi mwa Maeng,* mheshimiwa."

"Ahaa." Cha akavuta kalamu. "Nilitaka kujua mashabiki wanasemaje. Arobaini yalikuwa uongo. Moja ni la kweli, limetoka kwa shabiki wa kweli, na jina lake juu. Mimi naliheshimu. Kocha aende."

"Hapana! Mheshimiwa, hapana! Nimebadili mawazo!"

"Lini?"

"Sasa hivi!"

"Sasa hivi." Mzee akacheka hadi akashika mgongo. "Huyu ndiye mnayeniambia nimsikilize! Kapanda ngazi za ghorofa tatu akawa mtu mwingine. Akishuka atakuwa nani? Mama, mimi nauza keki za samaki. Mteja akiagiza pilipili, anakula pilipili."

"Lakini sikujua kuhusu zile jumbe!"

"Ulijua kwamba hujui?"

Bok-rye alinyoosha mkono aizuie kalamu. 

"Basi," Cha akasema, akasaini.

"Na Jumamosi nani atafundisha, mheshimiwa?" katibu akauliza. "Tukifungwa tunashuka."

Mwenyekiti alifungua dirisha. Upepo wa baharini ukaingia, na pamoja nao wimbo. Walikuwa mia tatu sasa, wanaruka, wanaimba kwa koo zao zote.

"Wanamwimba nani hao?"

Katibu alimtazama Bok-rye.

"Nimeuliza, nani?"

"Ha-ram," Bok-rye akasema kwa sauti ndogo. "Namba tisa."

"Apewe yeye. Acheze na afundishe."

"Huyo mkwe wa Bong?" katibu akauliza.

"Nimemfukuza Bong, sijaufukuza wimbo. Wimbo kautunga nani, ni Bong?"

Bok-rye akaangalia chini.

"Leo nimewasikiliza mashabiki mara mbili," mwenyekiti akasema, akirudia ngisi wake. "Msije mkasema sijawahi."

Maeng alisimama, akavaa koti. Alipopita mbele ya mwenyekiti aliokota utepe mfupi, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa ndani.

"Nitauchukua huu," akamwambia Bok-rye. "Katika yote niliyotukanwa mjini hapa, ni huu tu wenye jina."

Hakusema kwa ubaya. Bok-rye angependa aambiwe kwa ubaya. Alimtazama akiondoka, kisha akanyakua kipaza sauti chake chini ya kiti, akakimbilia ngazi. Jumamosi ilikuwa siku tano mbele, na yeye alikuwa na watu mia tatu. Wakikataa wote, mzee angefuta sahihi yake. Walikuwa wamelizuia basi. Wangeshindwa kuuzuia mlango?

Alitoka nje mbio, akasimama kwenye ngazi ya juu. Mashada yalikuwa yamesimama na utepe mmoja mmoja.

"Nisikilizeni!" akapiga kelele. "Jamani, tumekosea! Maeng hana hatia!"

"Nini? Kasemaje?"

"Anamtetea Maeng!"

"Si ndiye aliyekuwa ndani wakati wanatukatia tepe? Wamemlisha nini huko?"

"Mama Mdogo katuuza!"

"Nisikilizeni kwanza! Maua hayakuwa..."

Wimbo ukamfunika. Mstari wa kwanza, wa pili, kiitikio chenye makofi matatu, aliokuwa ameujaribu kwa kisu juu ya ubao wa vitunguu. Aliwafundisha waimbe hivyo hivyo, kwa nguvu hiyo, ili mtu wa upande wa pili asisikike. Akapiga kelele tena, sauti ikakatika.

Mkono ukatoka nyuma yake, ukakichukua kipaza sauti kwa upole.

Ha-ram. Suti mpya, nywele zimechanwa. Habari ya ukocha ilikuwa imekwisha kumfikia kwa simu. Aliuinua mkono wa kushoto, akakutanisha vidole viwili, na mia tatu wakapagawa. Tabasamu halikumtoka hata alipomwinamia Bok-rye sikioni, huku kipaza sauti amekishusha pajani.

"Mama Mdogo, nishike kiuno, nisianguke."

"Nini?"

"Goti. Limechanika tangu Agosti. Baba mkwe hakutaka kusikia. Kocha Maeng ndiye niliyemwambia, nikamwapisha asiseme." Moyo wa vidole bado ulikuwa juu. "Nikicheza Jumamosi, sitacheza tena maishani. Waambie. Wewe watakusikia."

Bok-rye alimshika kiuno, akawageukia watu wake mia tatu awaambie, nao wakaona kumbatio tu.

Wakapiga makofi.